Kuzuru Kolombia kwa Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Usalama Njiani

Swali la kwanza la karibu kila anayepanga kuzuru Kolombia kwa pikipiki ni kama atatekwa njiani. Ni swali la haki, kwa sababu nchi hiyo ilipitia zaidi ya miaka 50 ya vita vya ndani, na mkataba wa amani uliotiwa saini mwaka 2016 kati ya serikali na kundi la waasi la FARC haukuyanyang'anya silaha makundi yote. Hata hivyo, msafiri anayefuata njia zinazotumiwa na watalii yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuumia kwenye kona yenye ukungu, nyuma ya lori lisilo na taa, saa moja baada ya jua kuzama, kuliko ya kukutana na mtu mwenye bunduki asiye askari. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na saa, kisha unakwenda kwenye ramani, na ndipo unafika kwenye pikipiki yenyewe.

Hatua ya kwanza: Pima safari kwa saa

Kolombia imegawanywa na safu tatu za milima ya Andes zinazotoka kusini kwenda kaskazini, na safari nyingi kati ya miji mikubwa huvuka angalau safu moja. Kutoka Bogotá hadi Medellín ni kilomita zipatazo 420, umbali usiopishana sana na ule wa Dar es Salaam hadi Dodoma, lakini gari dogo huweza kuchukua saa tisa au kumi, kwa kuwa barabara hupanda, hushuka na kujipinda muda wote huku malori yakijikokota mbele. Anayesoma ramani na kusema "kilomita 400, nitafika mchana" ndiye anayejikuta gizani milimani akiwa amechoka na ana njaa.

Kwenye lami ya milimani, panga mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, pamoja na vituo vya mafuta na chakula. Hiyo ina maana kwamba kilomita 200 hadi 250 zinatosha kwa siku moja, na kwenye barabara ya vumbi au matope nusu ya hizo zinatosha. Kwa kuwa nchi iko karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kama ilivyo kwetu Afrika Mashariki. Ondoka mapema asubuhi, na saa tisa alasiri uwe umefika au umebakiza mwendo mfupi tu. Saa tatu za mwanga zinazobaki ndizo akiba yako: ukipata pancha, cheni ikikatika au barabara ikifungwa, unao muda wa kutafuta fundi au kurudi mji uliotoka bila kulazimika kuendesha usiku. Zaidi ya hayo, mvua za milimani hupenda kushuka alasiri, na usiku huleta kwa pamoja ng'ombe barabarani, walevi, malori yaliyoharibika yaliyoachwa kwenye njia bila ishara, na wezi. Katika sheria zote zilizomo humu, hii ya kutoendesha usiku ndiyo ambayo singekubali ivunjwe kwa sababu yoyote, hata kama umekwisha kulipia chumba katika mji ulio mbele.

Majira nayo yana uzito wake. Sehemu kubwa ya milima ya Andes ya Kolombia hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, mmoja ukiwa na kilele mwezi Aprili na Mei, na mwingine Oktoba na Novemba. Miezi ya Desemba hadi Februari, pamoja na Julai na Agosti, kwa kawaida huwa na afueni. Maporomoko ya ardhi ndiyo hofu ya kweli ya misimu ya mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2017, mafuriko ya matope na mawe yaliukumba mji wa Mocoa, mkoani Putumayo, na kuua zaidi ya watu 300. Mwezi Januari 2023, ambao unahesabiwa kuwa wa afueni, mlima uliporomoka huko Rosas, mkoani Cauca, ukaikata barabara kuu ya Panamericana inayoelekea Ekwado. Ukiona mawe mabichi na udongo uliotapakaa kwenye lami huku mvua ikinyesha, usisimame chini ya ukingo huo kupiga picha wala kuvaa koti la mvua. Endelea hadi mahali penye uwazi, ndipo usimame.

Hatua ya pili: Chagua maeneo, na uulize upya kila asubuhi

Usalama wa Kolombia haufanani nchi nzima. Eneo la kahawa lenye miji ya Salento na Manizales, mkoa wa Boyacá wenye Villa de Leyva, mji wa Barichara huko Santander, na barabara ya pwani kati ya Cartagena na Santa Marta hupokea wageni wengi kila mwaka. Kwa upande mwingine, kuna maeneo ambayo makundi yenye silaha, yakiwemo kundi la waasi la ELN na mabaki ya FARC yaliyokataa mkataba wa amani, bado yanapigania mashamba ya koka (mmea unaotengenezewa kokeini), migodi na njia za magendo. Hayo ni pamoja na Catatumbo mpakani na Venezuela, mkoa wa Arauca, sehemu kubwa ya Cauca na pwani ya Nariño, na maeneo mengi ya Chocó. Mapigano ya Catatumbo yaliyoanza Januari 2025 yaliwafukuza makwao zaidi ya watu 50,000, na Juni mwaka huohuo mabomu yalilipuka Cali na katika miji ya Cauca siku moja. Maeneo hayo mgeni wa matembezi ayaache.

Ugumu uko Cauca, kwa sababu Panamericana inayounganisha Cali, Popayán, Pasto na daraja la mpakani la Rumichaca inapita humo humo. Wasafiri wengi wanaoelekea Ekwado huipitia, na wengi hufika salama, lakini hupitia mchana, bila kuchepuka kuingia barabara za vijijini, na baada ya kuuliza. Kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Taarifa za kibalozi hukuonyesha mikoa ya kuepuka, ila hazikwambii kilichotokea jana jioni. Anayejua hayo ni mwenye nyumba ya wageni, mhudumu wa kituo cha mafuta, na madereva wa mabasi na malori waliotoka huko unakokwenda. Maneno mawili ya Kihispania yanatosha kuanzia: "¿Cómo está la vía?" ukiuliza hali ya barabara, na "¿Está tranquilo por allá?" ukiuliza kama huko kumetulia. Waulize watu wawili au watatu wasiojuana, kisha utazame uso wa anayejibu. Mtu akisita, akashusha sauti au akakuambia "depende", yaani inategemea, lichukue hilo kuwa jibu.

Kando ya barabara kuu utawaona askari wa jeshi wamesimama kwenye madaraja na vilele vya milima, na mara nyingi wanapokuona humnyoshea msafiri dole gumba. Ni salamu, na pia ni dalili kwamba kipande hicho cha njia kinalindwa. Mrudishie askari salamu yake kwa kichwa au kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukibaki kwenye mshikio wa kuongezea mafuta. Ukisimamishwa kwenye kizuizi, punguza mwendo mapema, zima injini, fungua kioo cha helmeti, na usiingize mkono mfukoni kabla hujaambiwa. Usiwapige picha.

Kuna mambo mawili ambayo wageni hawayafahamu. La kwanza ni mabomu ya ardhini. Mikoa ya Antioquia, Nariño na Norte de Santander ni miongoni mwa iliyoathirika zaidi, na katika maeneo ya mbali yenye historia ya vita mtu hapaswi kuacha barabara na kuingia vichakani, hata kwa haja ndogo. Kaa kwenye njia inayokanyagwa kila siku na watu na wanyama. La pili ni helmeti. Katika baadhi ya vijiji vinavyotawaliwa na makundi yenye silaha, waendesha pikipiki huamriwa kuendesha bila helmeti ili nyuso zionekane. Katika miji ya pwani watu huiacha kwa sababu ya joto tu, lakini ukijikuta kwenye barabara ya mlimani ambako kila mmoja ana kichwa wazi na macho yote yanakufuata, geuza pikipiki kwa utulivu na urudi ulikotoka.

Mwisho wa hatua hii ni migomo, inayoitwa "paro". Wakulima, madereva wa malori au jamii za Wahindi wekundu hufunga barabara kwa saa chache au kwa majuma, na mgomo mkubwa wa mwaka 2021 ulizikwamisha sehemu nyingi za nchi. Usijaribu kupenya kwa nguvu au kwa kujipitisha pembeni. Zima injini, vua helmeti, wasalimie wanaosimamia kizuizi na uulize kwa heshima. Mara nyingi huwa na saa maalumu za kuruhusu magari, na pikipiki mara nyingine hupitishwa mapema. Wasipokuruhusu, rudi mji wa nyuma. Ndiyo sababu nyingine ya kubeba siku mbili au tatu za ziada katika ratiba yako.

Hatua ya tatu: Pikipiki, karatasi na mwili wako

Anayetoka Amerika ya Kati lazima ajue kwamba hakuna barabara kati ya Panama na Kolombia. Msitu na vinamasi vya Darién huikata Panamericana kwa zaidi ya kilomita 100, na pikipiki husafirishwa kwa ndege au kwa meli. Usishawishike na simulizi za watu waliopenya msituni humo, kwa sababu ni njia ya magendo na watu hupoteza maisha.

Kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki, kununua au kukodi pikipiki hukohuko huwa ni busara zaidi. Utakutana na sura unazozifahamu, kwani Bajaj Boxer na TVS za bodaboda zetu huuzwa Kolombia pia, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo. Injini ya cc 150 hadi 250 inatosha kwa mtu mmoja na mizigo ya wastani. Pikipiki kubwa ya gharama huvutia macho ya wezi, na ikianguka kwenye tope mlimani huwezi kuiinua peke yako. Ukiikagua kabla ya kulipa, anza na breki za mbele na za nyuma, kisha unene wa tairi, mvutano wa cheni, taa zote, na honi. Ukiweza kupata yenye mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki ghafla, ichague hiyo.

Bima ya lazima ya Kolombia huitwa SOAT, na hulipia matibabu ya wanaoumia katika ajali, akiwemo dereva mwenyewe na abiria wake. Bila SOAT pikipiki huzuiliwa papo hapo. Aliyeingia na pikipiki yenye namba za nchi nyingine anahitaji pia kibali cha kuingiza chombo kwa muda, kinachotolewa mpakani na mamlaka ya kodi na forodha iitwayo DIAN. Hakiki namba ya chesisi iliyoandikwa humo kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu kosa la tarakimu moja huleta usumbufu katika kila ukaguzi. Beba leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mwaka 2025 Kolombia ilitangaza dharura ya afya kwa sababu ya ugonjwa huo, uliosambaa hasa mkoani Tolima, na atokaye nchi zetu huweza kuombwa cheti hicho tangu uwanja wa ndege.

Soma bima yako ya safari neno kwa neno. Nyingi hukataa kulipia ajali ya pikipiki, au huweka kikomo cha ukubwa wa injini.

Kuhusu mavazi, tatizo ni kwamba siku moja inaweza kuwa na hali ya hewa ya nchi tatu. Kutoka Mariquita, ulio chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda kwa takriban kilomita 80 hadi Alto de Letras, karibu mita 3,700. Chini utatoka jasho. Juu vidole vitakufa ganzi hata ushindwe kuhisi breki, na injini yenye kabureta itapungua nguvu kwa uhaba wa hewa. Weka sweta, glovu nzito na koti la mvua juu kabisa ya mzigo, ambako utayafikia bila kufungua mabegi. Vaa kabla hujaanza kutetemeka. Bogotá yenyewe iko mita 2,640, hivyo jipe siku moja au mbili za kuuzoesha mwili kabla ya kuanza safari.

Hatua ya nne: Barabarani

Kolombia huendesha upande wa kulia. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda hii ni hatari inayojificha, kwa sababu katikati ya msongamano utawafuata wengine bila tatizo, lakini mazoea hurudi pale barabara inapokuwa tupu: asubuhi unapotoka hotelini, unapoondoka kituo cha mafuta, na baada ya kusimama kupiga picha. Bandika karatasi yenye mshale wa kulia juu ya tangi la mafuta, na kila unapowasha injini useme kwa sauti, "kulia." Kwenye mzunguko, magari huja kutoka kushoto kwako. Mtembea kwa miguu naye hana budi kuanza kutazama kushoto.

Kona za milimani zinastahili umakini wa pekee. Semitrela ndefu, inayoitwa "tractomula", haiwezi kuzunguka kona kali bila kuingia upande wako, na dereva wake hana la kufanya. Itazame picha hii: unashuka, kona inapinda kushoto, huoni mbele, na wewe, kama waendeshaji wengi wanavyofanya, umejisogeza karibu na mstari wa katikati ili ukate kona vizuri. Lori linatokea, na kichwa chake kimetanuka kuingia hasa pale ulipo. Ukiwa upande wa nje wa njia yako, karibu na ukingo wa kulia, una nafasi ya mita moja au zaidi ya kuokoka. Kwa hiyo ingia kila kona usiyoiona mwisho wake kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona, na upige honi fupi. Sehemu hizohizo za kona ndipo dizeli humwagika kutoka kwenye matangi ya malori yaliyojazwa kupita kiasi, na mvua ya kwanza huifanya lami iteleze mno.

Lori lililo mbele likiwasha indiketa, usilichukulie kuwa ni ruhusa ya kulipita. Huenda dereva anakusaidia, huenda anakata kona, na huenda amesahau kuizima. Pita unapoona kwa macho yako mwenyewe kwamba njia ni nyeupe. Pikipiki za wenyeji zitakupita kulia na kushoto, hata kwenye mistari miwili ya manjano, nawe usishindane nazo.

Pikipiki hazilipi ushuru wa barabara, na kila kituo cha ushuru kina kichochoro chembamba upande wa kulia kabisa. Kichochoro hicho huwa na kingo za zege pande zote mbili, kona kali ya kuingilia na utelezi wa mafuta, hivyo mwenye masanduku mapana ya pembeni apite kwa gia ya kwanza. Matuta yapo kila penye kijiji au shule, na mengi hayana rangi.

Sheria inataka taa ziwashwe hata mchana, na vazi lenye kuakisi mwanga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi au penye ukungu. Mimi nashauri livaliwe kutwa nzima. Tangu sheria ya mwaka 2022, kikomo cha mwendo mijini ni kilomita 50 kwa saa, na 30 karibu na shule na makazi. Kuhusu pombe, adhabu huanza kwenye miligramu 20 katika mililita 100 za damu, kiwango ambacho bia moja inaweza kukufikisha.

Ipo barabara moja ambayo waendeshaji wengi huitafuta kwa makusudi, nayo ni ile ya Mocoa hadi Pasto, maarufu kwa jina la Trampolín de la Muerte. Kipande chake cha kati ya Mocoa na San Francisco hakina lami, hupitisha gari moja tu sehemu nyingi, hukatwa na vijito vinavyotiririka juu ya njia, na ukungu hufunika genge lenye kina cha mamia ya mita. Anayetaka kuipita aingie asubuhi, siku isiyo na mvua, akiwa na mwenzake, na awe na uzoefu wa kutosha wa kuendesha kwenye kokoto. Dereva anayekutana na gari ajiandae kurudi nyuma hadi penye upana. Kwa anayesafiri na abiria nyuma, ushauri wangu ni kuiacha.

Hatua ya tano: Mijini

Wizi ndio tatizo kuu la Bogotá, Medellín na Cali, na wezi wengi hutumia pikipiki wakiwa wawili. Kwa sababu hiyo baadhi ya miji huweka nyakati au maeneo ambayo mwanamume haruhusiwi kupakiwa nyuma ya pikipiki, na Medellín ina siku ambazo namba fulani za pikipiki haziruhusiwi barabarani kwa saa kadhaa. Uliza hotelini kabla ya kutoka.

Usiache simu kwenye usukani unaposimama kwenye taa nyekundu. Soma ramani mapema, weka kipaza sauti ndani ya helmeti, na simu ikae mfuko wa ndani. Usiku pikipiki ilale ndani ya ua au kwenye maegesho ya kulipia yenye mlinzi, yanayoitwa "parqueadero". Ukitishwa kwa silaha, toa unachoombwa bila kubishana. Pochi ya pili yenye fedha kidogo na kadi iliyokwisha muda hufaa kwa saa kama hiyo.

Skopolamini ni dawa inayotiwa kwenye kinywaji au chakula ili kumpumbaza mtu na kumfanya atii amri. Ubalozi wa Marekani ulitoa onyo Januari 2024 baada ya vifo 8 vya kutiliwa shaka vya raia wake mjini Medellín katika miezi miwili, kadhaa vikihusishwa na watu waliokutana kupitia programu za kutafuta wapenzi. Usipokee kinywaji usichokiona kikifunguliwa, wala usimkaribishe chumbani mtu uliyemjua leo.

Mtu asiye na sare akidai ni polisi na kutaka kukagua fedha au pasipoti yako, mwambie kwa adabu kwamba mtafanya hivyo katika kituo kidogo cha polisi cha mtaa, kinachoitwa CAI. Tapeli hataki kufika huko.

Hatua ya sita: Ajali ikitokea

Namba ya dharura nchini kote ni 123, na ukiwa barabara kuu unaweza kupiga #767. Lakini milimani mtandao hukosekana kwa kilomita nyingi, hivyo pakua ramani zisizohitaji intaneti na kila asubuhi mwachie mtu ujumbe wenye njia utakayopita na mji utakakolala.

Kama kuna aliyeumia, kwanza zuia ajali ya pili: mtume mtu mita 100 au zaidi nyuma, hasa upande wa kona, awapungie wanaokuja. Usimvute majeruhi wala kumvua helmeti isipokuwa hapumui au yupo hatarini kugongwa. Acha vyombo pale vilipoangukia hadi askari wa usalama barabarani wafike, upige picha, na uchukue namba ya SOAT ya chombo kingine. Usitie saini karatasi ya Kihispania usiyoielewa. Hospitali zote, za umma na za binafsi, zinawajibika kisheria kutoa huduma ya kwanza ya dharura, hivyo mpokezi akianza kwa kuuliza fedha, onyesha SOAT na usisitize neno "urgencias".

Ndani ya koti lako, upande wa kifua, weka kadi iliyoandikwa kwa Kihispania yenye jina lako, kundi la damu, dawa zinazokudhuru, namba ya bima yenye msimbo wa nchi, na namba ya ubalozi unaoihudumia nchi yako, ambao huenda haupo Bogotá bali katika nchi jirani. Nakala ya pili ya kadi hiyo iwe chini ya kiti cha pikipiki, na ya tatu kwa mwenzako wa safari.